Lugalo au Gymkhana? Niko Mtwara, nataka uanachama wa gofu

MtaniWaMikindani
Jumatatu, saa 3:12 usiku

Wakuu, kuchele! Sina maneno mengi. Nataka kujiunga na klabu ya gofu Dar, na nimebaki na mbili: Lugalo na Gymkhana. Zote zina mashimo 18. Hela ya kiingilio nimeshaitenga, na mnajua hela ya korosho isipofungwa kamba mapema inavyotoroka. Aliyewahi kuwa mwanachama wa mojawapo anipe ukweli. Nataka niamue kabla ya Ijumaa kwa sababu Ijumaa naondoka.

Kuchele82
Jumatatu, saa 3:20 usiku

Mleta mada, umeleta mada nusu. Unakwenda Dar mara ngapi kwa mwezi? Ukifika unafikia wapi? Unaenda na ndege au basi? Ulishacheza au ndiyo unaanza? Peke yako au na familia? Wewe unauliza ununue gari gani na hujasema kama leseni unayo.

MtaniWaMikindani
Jumatatu, saa 3:26 usiku

Hahaha, haya mkuu. Mara mbili kwa mwezi, kikazi. Nafikia kwa dada yangu. Nacheza kidogo.

Kuchele82
Jumatatu, saa 3:27 usiku

Dada anakaa wapi? Na "kidogo" ndiyo mara ngapi?

FimboSaba
Jumatatu, saa 3:41 usiku

Lugalo. Funga uzi tukalale.

Haya, nitoe sababu. Kiwanja kimo ndani ya kambi ya jeshi, barabara ya Bagamoyo ukishapita Mwenge. Unaonyesha kitambulisho getini, unaingia, na kelele za mji unaziacha nje. Raia tumo wengi, usiogope kwamba lazima uwe na nyota begani. Ukiandikiwa kuanza saa 1:10 asubuhi, ni saa 1:10 kweli, siyo saa ya kadi ya harusi. Kombe la Mkuu wa Majeshi linachezwa pale pale, kwa hiyo kiwanja hakiachwi kiote magugu. Na jina lenyewe lina uzito: Lugalo ndipo Mkwawa alipomsambaratisha Zelewski, kamanda wa Kijerumani, na kikosi chake, tarehe 17 Agosti 1891. Nikikosa mpira wa kusukumia shimoni kutoka futi tatu, najiambia kuna watu walishindwa Lugalo vibaya kuliko mimi.

MwalimuWaLindi
Jumatatu, saa 3:58 usiku

FimboSaba, tarehe umepatia, mahali umechanganya watu. Lugalo ya vita iko Uhehe, Iringa. Kambi ya Dar imepewa jina kwa kumbukumbu. Usije ukamfanya mtoto wa shule aandike kwenye mtihani kwamba Wajerumani walipigwa njia ya Tegeta.

FimboSaba
Jumatatu, saa 4:01 usiku

Mwalimu shikamoo. Nilijua. Niliandika haraka.

KediMstaafu
Jumatatu, saa 4:30 usiku

Nimebeba mifuko Gymkhana miaka kumi na moja kabla sijarudi nyumbani Lindi kufuga kuku. Nitaisemea Gymkhana na sioni aibu.

Iko katikati ya mji. Mtu mwenye kikao Posta saa nne anapiga mashimo tisa asubuhi, anaoga, anavaa tai, anatembea kwa miguu hadi kikaoni. Lugalo hilo huliwezi, foleni ya Bagamoyo itakuvalisha tai ndani ya gari. Pili, familia. Pale kuna tenisi, skwoshi, kriketi. Mke hakai kwenye kiti cha plastiki saa tano akikusubiri. Na upepo wa bahari ni wa bure.

Lakini bwana mdogo, kabla ya klabu, tafuta kedi, yaani mbeba mifuko. Kedi ndiye anayekufundisha klabu. Mtazame taulo lake: kedi anayejua kazi analowesha nusu, nusu anaacha kavu. Ya maji ni ya kufutia kichwa cha fimbo, kavu ya mshiko. Ukimwona taulo lote limelowa, au lote kavu limetupwa begani kama la msusi, mtafute mwingine. Na ukifika grini, pale penye majani mafupi na shimo, mkasimama wote wawili hamjui mpira utapindia wapi, kumbuka walivyotufundisha wakubwa zetu: elekeza baharini. Mpira wa pwani unaipenda bahari.

MwalimuWaLindi
Jumatatu, saa 4:44 usiku

Hapa sasa naingia. Mpira unafuata mteremko. Mchora kiwanja anataka maji ya mvua yatoke, na mji wa pwani maji yake yanatokea baharini, kwa hiyo grini nyingi zimelalia huko. Bahari haina sumaku.

KediMstaafu
Jumatatu, saa 4:50 usiku

Mwalimu, wewe umekariri. Mimi nilikuwa nikisoma vibaya nakosa bakshishi nalala na njaa. Tofauti ni hiyo.

BiShangani
Jumanne, saa 12:35 asubuhi

Kumekucha salama? Shikamoo zenu nimezipokea hata wasiotoa. Mimi huo mchezo siujui, nauona kwenye runinga watu wanatembea nyuma ya kitu wasichokiona. Swali langu ni moja kwa huyu mwanangu wa Mikindani: mkeo anajua?

MtaniWaMikindani
Jumanne, saa 1:10 asubuhi

Shikamoo mama. Anajua natoa hela ya "usafiri wa kikazi". Nitamwambia nikishaamua.

Kuchele82, dada yuko Mbagala Rangi Tatu. Nimecheza mara tatu. Naenda na basi, ndege nikilipiwa na ofisi. Kazi yangu ni uwakala wa mizigo hapa bandarini, nikiwa Dar vikao vyangu vingi ni mjini. Halafu sijui kama inahusu: mimi ni shoto.

Kuchele82
Jumanne, saa 1:14 asubuhi

"Sijui kama inahusu."

FimboSaba
Jumanne, saa 1:22 asubuhi

Mtani, inahusu kuliko vyote ulivyosema tangu jana. Fimbo ya gofu ina uso upande mmoja, siyo kama jembe. Ukienda kuazima seti klabuni, ya mashoto unaweza usiipate. Mfuko unaruhusiwa fimbo 14, na wewe kuipata moja tu ni kazi.

MtaniWaMikindani
Jumanne, saa 1:40 asubuhi

Hiyo najua kwa machozi. Huku nina fimbo moja, namba 7, ya mtu wa kulia, niliachiwa na mteja. Nafanyia mazoezi shambani kwa mjomba, njia ya Naliendele. Naigeuza kichwa chini, ncha iangalie ardhi, napiga kwa kile kieneo kidogo kinachobaki, kama kijiko. Mipira kumi, saba inaingia kwenye mikorosho. Watoto wa jirani wananiokotea kwa shilingi mia mbili mmoja. Juzi kamoja kaliniletea bibo la njano, tunda la mkorosho, kameshalifuta vizuri, na kanasubiri hela yake. Nililipa. Lilikuwa na umbo la heshima.

KediMstaafu
Jumanne, saa 1:52 asubuhi

Mungu wangu. Acha hilo zoezi leo hii. Unaufundisha mwili uongo, na mwili hausahau uongo. Hata ukipata fimbo sahihi utakuwa unaipiga kama unachota uji.

MwalimuWaLindi
Jumanne, saa 2:15 asubuhi

Mashoto msikatishwe tamaa. Bob Charles wa New Zealand alishinda mashindano makubwa ya The Open mwaka 1963 kwa mkono huo huo wa kushoto. Na Phil Mickelson, ambaye ulimwengu mzima unamwita shoto, anaandika kwa mkono wa kulia. Alijifunza kupiga kushoto utotoni akimwiga baba yake aliyesimama mbele yake, kama anajitazama kwenye kioo.

MkoroshoMzee
Jumanne, saa 6:05 mchana

Niliapa kutochangia ila imebidi. Kijana wa kusini ana hela ya korosho mkononi, anaipeleka Dar akafukuze mpira. Salfa ya kupulizia mikorosho msimu ujao umeshaiwaza? Ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho, hausubiri umalize mashimo 18. Halafu mtakuja na wazo la kiwanja hapa kwetu. Mashimo 18 ni kama ekari 150. Ukipanda mita 12 kwa 12 kama wataalamu wa kituo cha utafiti cha Naliendele wanavyotufundisha, ekari inachukua mikorosho 28. Pigeni hesabu wenyewe: mikorosho 4,200 ianguke ili watu wazima na akili zao wapige kitu cha gramu 46.

FimboSaba
Jumanne, saa 6:11 mchana

Gramu 45.93, mzee. Ndiyo kikomo.

MkoroshoMzee
Jumanne, saa 6:12 mchana

Asante sana. Hizo pointi saba umeniokoa.

DadaWaMtanda
Jumanne, saa 7:30 mchana

Mzee, hakuna aliyesema mikorosho ikatwe, kiwanja cha gofu kinaishi na miti. Na hela ni yake. Mbona mtu akinunua pikipiki ya pili hatumuulizi salfa?

Mtani, mimi nimecheza sana kama mgeni, zote mbili, nikiwa naishi Dar. Nitakwambia ambacho kaka zako hawa hawatakwambia. Nenda kaangalie vyumba vya wanawake vya kubadilishia nguo. Klabu inayojali wanachama wake utaijulia huko: kama kuna sabuni, kama mlango unafungika, kama wamefanya stoo ya viti vibovu. Na uliza wanawake wana siku yao ya mashindano au wanachomekwa tu kwenye ya wanaume. Nchi hii imemtoa mcheza gofu Madina Iddi, kashinda mataji nje ya mipaka, na bado kuna mtu getini ananiuliza "dada umemleta nani?" Siitaji ni wapi.

FimboSaba
Jumanne, saa 7:44 mchana

Kwa hiyo dada yangu kura yako wapi?

DadaWaMtanda
Jumanne, saa 7:46 mchana

Sijasema nina kura. Nimesema aende akaangalie.

MasimoTisa
Jumanne, saa 2:20 usiku

Salamu kutoka Moshi. Naona mnazunguka Dar tu kama nchi inaishia Kibaha. Kuna kiwanja cha TPC, kampuni ya sukari, huku kwenye miwa, kuna Moshi Gymkhana mashimo tisa na mlima unakutazama, na ukisogea Usa River kuna Kili Golf mashimo 18 ya uhakika. Hewa safi, hutoki jasho la kukamua. Gofu la joto ni adhabu.

Kuchele82
Jumanne, saa 2:24 usiku

Ndugu, mwenzio yuko Mtwara. Mpaka Dar tu ni zaidi ya kilomita 550. Kuja kwako atafika msimu umeisha.

MasimoTisa
Jumanne, saa 2:31 usiku

Nimetaja tu. Mtu akitaka kitu kizuri hapimi umbali.

MhasibuWaMasasi
Jumanne, saa 4:05 usiku

Nisikilizeni mimi niliyeumia. Klabu siitaji, mkoa siutaji, na siyo mojawapo ya hizo mbili mnazozigombania.

Nilijiunga nikiwa kijana mwenye mshahara mpya. Mmoja akanipendekeza, wa pili akaniunga mkono, fomu yangu na picha vikabandikwa ubaoni majuma mawili ili mwenye pingamizi aseme. Hakusema mtu. Nikapewa namba, 217. Nilivyofurahi ningeichanja kifuani.

Sasa pale baa mwanachama halipi taslimu. Unasaini karatasi ya njano, unaandika namba yako, mwisho wa mwezi bili inakuja. Miezi minne sina tatizo. Wa tano nikahamishiwa Newala. Nikaaga vizuri: makedi, mpishi, mzee wa getini, wale niliokuwa nacheza nao Jumamosi. Tukapiga na picha. Ofisini sikwenda. Kwa akili yangu, mtu akishaondoka kiwanjani ameondoka.

Mwaka na miezi ukapita. Siku hiyo niko mezani Newala, simu inaita, bosi wangu wa makao makuu. Alialikwa na wateja pale klabuni. Ubao wa wadaiwa wameuweka mlangoni, pembeni ya kabati la vikombe, huwezi kuingia bila kuusoma. Jina langu la tatu kutoka juu, wino mwekundu. Akanipigia akiwa amesimama mbele yake. Sauti yake bado naisikia: "Mhasibu wangu, mbona unadaiwa supu?"

Nikaomba waniletee karatasi zote. Soda kumi na nane. Supu ya mbuzi sahani sita. Sigara, na mimi sigara hata kuiwasha sijui. Kila moja 217, na saini kama mkia wa panya. Kuna mtu alikuwa anajua namba yangu na anajua nimehama. Na hiyo supu ndiyo ilikuwa sehemu ndogo. Ada ya mwaka ilikuwa inaendelea kuhesabiwa, kwa sababu katiba yao inasema uanachama unakoma kwa barua tu. Kumuaga mzee wa getini siyo barua.

Supu walinifutia baada ya kubishana miezi miwili na kulinganisha saini. Ada nililipa yote, kwa awamu tatu. Kwa hiyo Mtani, kabla ya kuuliza unaingiaje, uliza unatokaje. Omba katiba, usome kifungu cha kujitoa na kifungu cha wanaoishi nje ya mkoa. Baadhi ya klabu zina daraja la mwanachama wa mbali, ada yake nafuu. Hawakuambii usipouliza.

BiShangani
Jumanne, saa 4:20 usiku

Pole baba. Na huyo mla supu hakupatikana?

MhasibuWaMasasi
Jumanne, saa 4:23 usiku

Nina jina kichwani, mama. Ushahidi sina. Nikikutana naye namsalimia vizuri tu.

KediMstaafu
Jumanne, saa 4:40 usiku

Msije mkasema ni kedi. Najua hapo mnaelekea.

MhasibuWaMasasi
Jumanne, saa 4:42 usiku

Kedi asingekula sahani sita akanywa soda kumi na nane, mzee wangu. Yule alikuwa mwanachama.

Kuchele82
Jumatano, saa 1:05 asubuhi

Turudi kwenye swali. Mtani, kwa nini unataka uanachama hasa? Mara mbili kwa mwezi unaweza kulipa ada ya mgeni, ukacheza, ukaondoka. Mwaka mzima ni raundi 24 kama hujaumwa, hujafiwa, na barabara haijakatika Somanga.

FimboSaba
Jumatano, saa 1:30 asubuhi

Handikapu, mkuu, ile namba ya kupima kiwango cha mchezaji. Bila klabu hapewi handikapu inayotambulika, na bila handikapu mashindano mengi atayaangalia kwenye simu. Siku hizi, tangu mfumo mmoja wa dunia uanze mwaka 2020, unaleta kadi za matokeo zinazotimiza mashimo 54. Kadi tatu za mashimo 18, au unaunganisha za tisa tisa. Handikapu yenyewe unaanzia hata 54, hiyo ndiyo juu kabisa, mwanamume kwa mwanamke. Ukifikisha kadi 20 wanachukua 8 bora wanakupigia wastani. Kwa safari zake mbili kwa mwezi, mwezi wa pili ana handikapu.

MtaniWaMikindani
Jumatano, saa 1:48 asubuhi

Handikapu naitaka. Lakini niseme ukweli, maana mmenivua nguo zote imebaki hii.

Mteja wangu alinialika kwenye eneo la mazoezi, Dar, mwezi wa nane. Nilikuwa napiga kama mlivyosikia, kwa kugeuza fimbo. Mgeni mmoja wa jirani akanitazama, akacheka, akanipa ya kwake. Alikuwa shoto. Nikapiga ya kwanza chini, ya pili chini, ya tatu ikaenda pembeni. Ya nne sikuhisi kitu mikononi. Kabisa. Nilidhani nimekosa, nikatazama chini, mpira haupo. Nikainua kichwa nikauona uko mbali, umenyooka, bado unapanda. Yule bwana akasema neno kwa lugha yake, sikulielewa, lakini niliielewa sauti.

Baada ya hapo nilipiga mipira mingine thelathini, hakuna hata mmoja uliofanana na ule. Usiku dada alinikuta barazani nazungusha ufagio. Kwa hiyo sababu ni hiyo. Wateja ni kisingizio.

DadaWaMtanda
Jumatano, saa 2:00 asubuhi

Umekwisha, kaka. Karibu.

MkoroshoMzee
Jumatano, saa 2:12 asubuhi

Mpira mmoja. Mtu anauza msimu mzima kwa mpira mmoja.

KediMstaafu
Jumatano, saa 2:30 asubuhi

Mzee Mkorosho, nimeona majaji, mabalozi na wenye mabasi wanarudi kila Jumamosi kwa mpira mmoja waliopiga miaka mitano nyuma. Hata siwashangai tena.

FimboSaba
Jumatano, saa 2:41 asubuhi

Sasa suala la Mbagala. Mtani, kutoka Rangi Tatu mpaka Lugalo ukiondoka saa kumi na moja alfajiri unafika vizuri. Ukiondoka saa moja usiende, rudi ulale.

KediMstaafu
Jumatano, saa 2:47 asubuhi

Hapo umenisaidia hoja. Kutoka Mbagala unanyoosha Kilwa Road mpaka mjini, Gymkhana umefika. Na vikao vyake viko mjini, kasema mwenyewe.

FimboSaba
Jumatano, saa 2:50 asubuhi

Na wikiendi je? Mjini kuna vikao Jumamosi?

KediMstaafu
Jumatano, saa 2:52 asubuhi

Jumamosi Kilwa Road haijahamishwa.

Kuchele82
Jumatano, saa 3:15 asubuhi

Pendekezo: Ijumaa usilipe kiingilio popote. Lipa ya mgeni Jumamosi klabu moja, Jumapili nyingine. Angalia mlango wa DadaWaMtanda, taulo la Mzee Kedi, katiba ya Mhasibu. Halafu safari inayofuata ndiyo utoe hela.

MtaniWaMikindani
Jumatano, saa 3:20 asubuhi

Hilo limekaa vizuri. Ila hela ikikaa mpaka safari inayofuata haitakuwepo. Najijua.

BiShangani
Jumatano, saa 3:31 asubuhi

Nipe nikutunzie.

MtaniWaMikindani
Jumatano, saa 3:33 asubuhi

Mama!

BiShangani
Jumatano, saa 3:36 asubuhi

Au mpe mkeo. Yeye ataitunza vizuri zaidi yangu, na mazungumzo mtakuwa mmeshayafanya.

MasimoTisa
Jumatano, saa 1:10 usiku

Bado nasema Kili Golf.

MtaniWaMikindani
Alhamisi, saa 2:55 usiku

Taarifa. Nimemwambia mke wangu. Alinyamaza muda mrefu, akauliza fimbo zinauzwa bei gani. Nikamtajia. Akaniuliza kama hiyo ni ya moja au ya zote. Nikasema ya zote. Akasema sawa, lakini na yeye ana jambo lake la cherehani ya umeme ambalo aliliweka pembeni tangu Machi. Kwa hiyo hela imegawanyika. Kiingilio sasa kinatosha kwa tabu, fimbo hazipo kabisa. Kuna anayeuza ya mashoto, hata moja?

KediMstaafu
Alhamisi, saa 3:08 usiku

Ninayo namba 7 ya mashoto. Mwenyewe alikuwa mzungu wa meli, alimaliza mkataba akaniachia, nikaja nayo Lindi kwa kuwa sikujua nimpe nani. Mshiko umekauka, utaubadilisha. Kichwa kizima. Huwa naifukuzia kicheche.

MtaniWaMikindani
Alhamisi, saa 3:10 usiku

Mzee wangu! Kesho basi linapita Lindi. Linasimama stendi dakika kumi.

KediMstaafu
Alhamisi, saa 3:14 usiku

Nitakuwepo. Usiiweke kwenye buti chini ya magunia, safari moja nilisafirisha mfuko wa tajiri chini ya ng'onda, tukafika Dar grini nzima inanuka soko la samaki la Kivukoni. Shika mkononi.

FimboSaba
Alhamisi, saa 3:20 usiku

Mtani, kwa hiyo klabu ni ipi?

MwalimuWaLindi
Alhamisi, saa 3:25 usiku

Na ukishaipata fimbo, Mzee Kedi asikudanganye na bahari. Tazama mteremko.

BiShangani
Alhamisi, saa 3:40 usiku

Wewe Kedi wa Lindi, hao kuku ni wa kienyeji au chotara? Nina shughuli mwezi ujao, nahitaji kama ishirini.

KediMstaafu
Alhamisi, saa 3:44 usiku

Chotara, mama. Mitetea nimeuza, majogoo yapo kumi na nne. Ukiyataka yote nayaleta mwenyewe mpaka Shangani.

BiShangani
Alhamisi, saa 3:47 usiku

Kumi na nne hayatoshi. Kicheche amekula mangapi?